Orodha ya anwani ndiyo mtaji wa majarida ya barua pepe

WAANDISHI wanaojitegemea na kuuza majarida yao moja kwa moja kwa wasomaji kwa njia ya barua pepe wako katika soko lenye wasomaji wengi wa bure na wachache wa kulipa, ambapo mali yenye thamani kuliko zote ni orodha ya anwani za wasomaji hao.

Soko hilo limekua kwa kasi. Kampuni ya Substack ya San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilitangaza Machi 2025 kuwa usajili wa kulipia kupitia kwake umefikia milioni 5, kutoka milioni 2 mwanzoni mwa 2023.

Hata hivyo, kukua kwa soko hakumaanishi kuwa kila mwandishi anapata riziki.

BEI NA MAKATO

Bei iliyozoeleka kwa anayeanza ni dola 5 kwa mwezi. Substack hukata kamisheni ya asilimia 10, yaani senti 50. Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi, hukata asilimia 2.9 na senti 30 juu yake kwa kila malipo nchini Marekani, ambayo ni karibu senti 45. Mwandishi hubakiwa na dola 4 na senti chache kabla ya kodi.

Kwa hesabu hiyo, wasomaji 1,000 wanaolipa humwingizia kama dola 4,000 kwa mwezi. Iwapo katika kila wasomaji 100 wa bure 5 watakubali kulipa, atahitaji orodha ya watu 20,000. Wakikubali 2 tu, itabidi orodha ifike 50,000.

Zile senti 30 nazo si za kudharau. Msomaji anayelipa kila mwezi humgharimu mwandishi dola 3.60 kwa mwaka, wakati anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo humgharimu senti 30 tu. Ndiyo maana waandishi wengi hutoa punguzo kwa malipo ya mwaka. Fedha huingia mapema na mteja hapati nafasi ya kujitoa kila mwisho wa mwezi.

BURE KWANZA

Waliofanikiwa walianza kwa kujenga orodha. Bill Bishop alitoa jarida lake la Sinocism, linalohusu China, bure kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kulipisha Oktoba 2017, akiwa mteja wa kwanza wa Substack.

Ben Thompson alianzisha Stratechery mwaka 2013, akaanza kuuza usajili mwaka uliofuata. Aliendelea kutoa makala ya bure kila wiki ili wageni waonje, huku makala za siku nyingine zikisomwa na waliolipa.

Wote wawili walichagua eneo moja ambalo msomaji hulihitaji kazini. Mfanyabiashara mwenye maslahi China haoni tabu kulipia habari zitakazomwepusha na hasara.

Njia nyingine ni wasomaji kuletana. Morning Brew, ambalo sasa ni kampuni kubwa, liliwapa waliowaleta wenzao zawadi za vikombe na fulana. Kuanzia mwaka 2022, Substack imewawezesha waandishi kupendekezana kwa wasomaji wao.

HATARI YA KUPANGA

Mwandishi anayetegemea wafuasi wa mtandao wa kijamii ni kama mpangaji ambaye hajui mwenye nyumba ataamka vipi. Aprili 2023, Twitter ilibana kwa siku kadhaa usambazaji wa viungo vya Substack, na waliokuwa wakipata wasomaji huko wakajikuta mlango umefungwa.

Huduma zenyewe nazo hufa. Revue, iliyonunuliwa na Twitter mwaka 2021, ilifungwa Januari 2023. TinyLetter ilifuata Februari 2024.

Mwenye orodha yake huweza kuhama. Casey Newton aliondoa jarida lake la Platformer kutoka Substack Januari 2024 na kwenda Ghost, akiwa na wasomaji wake mkononi. Ghost hutoza ada maalum badala ya kamisheni.

Aidha, kununua anwani kwa jumla si njia ya mkato. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimewabana watumaji wakubwa. Ni lazima wathibitishe utambulisho wao, waweke njia rahisi ya kujitoa na wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Katika barua 1,000, walalamikaji 3 tu wanatosha kumtia mwandishi matatani.

Kwa anayeingia sokoni sasa, kazi ya kwanza ni kutoa jarida kwa siku ile ile kila wiki, na ya pili ni kuhifadhi nakala ya orodha yake kila mwezi. Bei inaweza kusubiri.