Wageni wa Kaskazi katika Ghuba ya Chole

Kaskazi inapoanza kuvuma, watu wa Mafia huwa na mengi ya kuangalia baharini: nyavu, matanga, bei ya pweza. Ni wachache wanaoinua macho kuwatazama wageni waliokwisha kufika tangu Septemba, bila jahazi wala cheti cha njiani. Mwandishi wa safu hii alikuwa miongoni mwa wasiotazama, mpaka siku moja ya bamvua alipokwenda Utende na kukaa kimya ufukweni.

Anayetaka kuwaona ndege hawa asiende maji yakiwa yamekupwa kabisa. Wakati huo wametawanyika mbali juu ya matope na mchanga kati ya Utende, Chole na Juani, wala hawaonekani ila kama vidoa. Afike maji yanapoanza kujaa. Bahari yenyewe itamsukumia ndege karibu, kundi baada ya kundi.

Sululu ndiye anayetambulikana upesi kwa mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini. Wako pia vitwitwi wa namna nyingi. Mmoja wao, ambaye uzito wake ni kama gramu 60 tu, huzaliwa katika nyika za barafu za kaskazini mwa Siberia. Huko kwao wakati huu matope yamekuwa magumu kama jiwe, na mdomo haupenyi. Kabla ya kurudi, mwezi wa Aprili, baadhi yao huanza kuvaa manyoya mekundu kama tofali. Mtu asiyejua hudhani ni ndege wengine.

Lakini aliyetushangaza zaidi ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu hatoki Ulaya. Huzaa katika visiwa vya mchanga vya pande za Uarabuni na Somalia, akichimba shimo kama panya na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo joto la mchanga husaidia kuliatamia. Mtoto husafiri pamoja na wazazi, na hata akifika kwetu bado hulilia chakula. Tulimwona mmoja, mkubwa karibu sawa na mzazi wake, akimfuata nyuma na kupiga kelele hadi alipopewa kaa. Kina mama waliokuwa wakirudi na pweza walicheka sana, na sisi tukacheka nao.

Sasa tuseme lililotuleta. Maji yanapojaa, ndege hawa hawana pa kula; hukusanyika katika mafungu machache ya mchanga na pembeni mwa mikoko, wakingoja. Mahali hapo pa kungojea ni padogo sana kuliko pa kulia. Mtu au mbwa akiwafukuza hapo, huruka na kuunguza mafuta waliyoyaweka mwilini kwa safari ya kurudi. Wakifukuzwa kila siku, wataondoka wakiwa wamekonda, na safari ya mbali haimwachi mnyonge.

Hatusemi kwamba sheria hazipo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliundwa mwaka 1995, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaohusu ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo kiwanja cha ufukweni hupimwa mchana, maji yakiwa yamekupwa, na mpimaji huona mchanga mtupu. Huwezi kumlaumu kwa asichokiona. Twaomba basi maofisa wa ardhi, pamoja na serikali za vijiji, wapafikie mahali hapo wakati wa maji makuu kabla ya kutia sahihi, na mafungu ya kupumzikia yaandikwe katika ramani za matumizi ya ardhi kama yanavyoandikwa makaburi na visima.

Wanakijiji nao wana la kuwafundisha maofisa. Mzee mmoja wa Chole alituonyesha kwa kidole fungu ambalo ndege hulala bamvua ya usiku; hakuna karatasi tuliyoiona yenye habari hiyo.

Wageni hawa watakuwapo hadi Aprili, na wachanga wengine hubaki nasi hata kusi ikivuma. Bamvua huja kila mwezi mpya na kila mwezi mpevu. Wakubwa wakiamua kwenda, Utende si mbali na Kilindoni.