Tembe ya kulegeza misuli si dawa ya kila kiungo

Ukiumwa na goti au kiuno, huenda ukauziwa tembe yenye parasetamoli na klozoksazoni. Ya kwanza hutuliza maumivu, ya pili hulegeza misuli iliyokaza. Kiungo chenyewe haikigusi. Kwa hivyo humfaa zaidi aliyekaza mgongo kwa kubeba gunia.

Huleta usingizi: usiendeshe gari wala kunywa pombe. Mkojo waweza kuwa wa rangi ya chungwa. Hilo peke yake lisikutishe. Macho yakiwa manjano, acha tembe, umwone daktari upesi, maana huenda ini limedhurika. Usiongeze Panadol juu yake, nayo ni parasetamoli.

Hapa Isiolo nawauliza wagonjwa kwanza: je, una homa na jasho la usiku? Hunywa maziwa mabichi ya ngamia? Basi upimwe bruselosi. Hiyo hutibiwa kwa antibiotiki wiki 6 au zaidi. Tembe hizi huificha tu.