CV ya Kwanza Lusenda: Kazi Ipo, Haijaandikwa Tu

Kambi ya Lusenda, kando ya Ziwa Tanganyika katika teritwari ya Fizi, ilifunguliwa Juni 2015 kupokea Warundi waliokimbia machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Watoto wao waliingia shule za Kongo, wakakaa benchi moja na Wabembe na Wafuliiru. Aliyeanza darasa la tatu mwaka ule, kama hakurudia, alifikia mwisho wa sekondari mwaka 2025. Leo yeye na jirani yake wa Kibembe wanasoma tangazo lilelile la kazi: CV, barua ya maombi, nakala ya diploma, kitambulisho. Majina na shule huandikwa haraka. Kalamu hukwama penye uzoefu wa kazi, na wengi huandika "hakuna".

Mara nyingi jibu hilo si kweli.

Mwanafunzi wa pedagojia, kwa mfano, hufanya staji katika shule ya msingi kabla ya kuhitimu. Hiyo ni kazi, ingawa hailipwi. Lakini "nilifanya staji" haimwambii mwajiri lolote. Afadhali aandike shule gani, mwezi gani, darasa la ngapi, somo lipi, wanafunzi wangapi, na chini ya usimamizi wa nani. Vivyo hivyo kwa msichana anayeandika daftari la AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku la vikundi hivyo hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Anayeaminiwa kuandika hesabu za akina mama 25 kila wiki ana uzoefu ambao karani wa duka angeuonea fahari. Kijana anayemtafsiria mgonjwa Kirundi mbele ya muuguzi, anayejitolea Msalaba Mwekundu, au anayeuza ndakala na kujua mtaji na faida yake, naye ana la kuandika. Mstari wa "napenda mpira na muziki" uondoke, isipokuwa kwa aliyekuwa nahodha wa timu.

Kukuza mambo ni hatari kuliko kuyaacha. Fizi si kubwa kiasi cha kumficha mtu. Simu moja kwa prefe wa shule hutosha kujua ukweli. Tena CV nyingi za Kongo humalizika kwa kiapo kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli, kisha sahihi. Anayejiita "msimamizi wa mradi" kwa sababu aligawa sabuni siku mbili anautia sahihi uongo wake mwenyewe.

Masomo nayo yanahitaji uangalifu, hasa kwa waliosoma pande zote mbili za mpaka. Tangu mageuzi yaliyoanza 2013, shule ya msingi ya Burundi ina miaka 9, kisha 3 ya juu. Kongo huhesabu 8 ya elimu ya msingi na 4 ya humanité. Jumla ni 12 kote, lakini "nilimaliza mwaka wa 9" ina maana mbili. Aandike jina la shule, nchi na mwaka, msomaji asibahatishe. Matangazo yakidai D6, yanataka diploma ya serikali inayopatikana mwisho wa miaka hiyo 12.

Lugha huwekwa chini kabisa, pengine baada ya kompyuta. Hilo ni kosa huku. Kazi ya kuzungumza na familia za kambini humhitaji mwenye Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla ya kumhitaji mjuzi wa kompyuta. Mwenye Kibembe pia anawafikia wenyeji wa vijiji vinavyoizunguka kambi. Ziandikwe juu, na kila moja ielezwe: anaizungumza, anaisoma, au anaiandika?

Mkimbizi hana sababu ya kuficha hali yake. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 17, unazungumzia kazi ya mshahara kwa wakimbizi, na Kongo ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2002.

Ukurasa mmoja unatosha. Majina mawili ya watu wa kuulizwa yawekwe mwishoni, nao waombwe ruhusa kwanza. Walimu huhamishwa, familia hurejea Burundi, namba za simu hubadilika. Kwa hiyo aliyemaliza staji na bado hana cheti chake aende kukiomba wiki hii, mwalimu angali shuleni.