Betri Mbili Katika Gari la Safari

Gari la watalii linalolala porini huwa na betri mbili za volti 12: moja ya kuwashia injini, nyingine ya friji na taa. Huunganishwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, hivyo volti hubaki 12. Zikiunganishwa kwa mfululizo utapata volti 24, na friji inaweza kuungua.

Kati yake huwekwa swichi. Injini ikiwaka, swichi hufunga saketi na altaneta huchaji zote mbili. Injini ikizimwa, saketi hufunguka. Friji hutumia betri ya pili tu, na asubuhi gari huwaka.

Mfano: Betri ya pili ina ampea-saa 100, friji huvuta ampea 4. Kinadharia, muda = 100 ÷ 4 = saa 25.

Angalizo: Usijumlishe volti za betri zilizo sambamba.