Kwanza Jifunze Kusimama: Mwanagenzi wa Boti la Mashine Kendu Bay

MIMI ni mtoto wa pwani. Kabla sijajua kuandika alifu ubaoni nilikwisha kupanda ngalawa, na kabla sijahitimu juzuu nilijua tofauti ya kusi na kaskazi. Basi nilipofika Kendu Bay, na kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho akaniambia kwamba atanifundisha kuendesha boti la mashine, moyoni nilicheka. Nikasema, tangu lini samaki akafundishwa kuogelea, tena na mtu wa bara? Jua halijafika utosini, kicheko kile kilikuwa kimenitoka chote.

Kwa wasomaji wasioufahamu mji huo, Kendu Bay uko ng'ambo ya kusini ya Ghuba ya Winam, ile pembe ya Ziwa Victoria iliyopenya ndani ya nchi ya Kenya, katika Kaunti ya Homa Bay. Zamani meli za reli zilikuwa zikitoka Kisumu na kutia gati hapo, zikishusha na kupakia watu na shehena. Uislamu nao una mizizi ya siku nyingi katika mji huo, na msikiti wa Tawakal ni katika vitu ambavyo mgeni huonyeshwa. Siku hizi kazi ya majini imebaki kwa maboti ya mbao ya wavuvi, yaliyofungwa mashine nyuma, yanayokwenda kutafuta mbuta, ngege na omena.

Mimi nilikwenda kumzuru swahiba yangu, tuliyesoma naye chuo kimoja udogoni, ambaye alioa huko na huko akalowea. Ana boti lake moja la kuchukulia samaki. Nilipomwomba nilishike mwenyewe japo siku moja, alitabasamu, akamwita kijana anayeliendesha, akasema, "Huyu Mzee ni wako. Mfundishe kama usiyemjua."

SOMO LA KUZIMA

Nilidhani tutaanza kwa kuwasha. Kijana hakuiwasha mashine. Boti lilikuwa limefungwa mtini, naye akanivisha kwanza jaketi la kuelea, akafunga vifungo vyote, kisha akalivuta kwa juu mabegani aone kama litapanda mpaka masikioni. Lililo kubwa kuliko mwili, aliniambia, humchomoka mtu majini kama kanzu ya kuazima.

Halafu akanipa kamba fupi nyekundu. Upande mmoja una kipande cha plastiki kinachobanwa kwenye mashine, upande wa pili hufungwa mkononi. Kikichomoka kile kipande, mashine huzimika papo hapo. Akaniamrisha niivute, niirudishe, niivute tena, mara kumi, kisha mara kumi nyingine macho yamefumbwa.

"Mzee wangu," alisema kwa adabu, "kuwasha hata mtoto anaweza. Mimi nataka ujue kuzima."

Nikamwuliza faida yake. Akanieleza kwamba mwendeshaji akianguka majini na mashine ikabaki inanguruma, boti halisimami kumngoja. Mkono wa mashine ukishaachiliwa hujipinda wenyewe, na boti huzunguka duara likirudi palepale alipo mtu. Na rafadha, ile panka izungukayo chini ya maji, haichagui baina ya gugu na nyama ya mwanadamu. Nikanyamaza. Tangu saa ile nikaanza kumwita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

Ndipo tukaingia katika matayarisho. Mafuta hugawanywa mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu la akiba ambalo haliguswi ila kwa dharura. Kile kitundu cha hewa juu ya tangi lazima kifunguliwe, ama sivyo mashine itazimika katikati ya safari na mwanagenzi adhani imekufa. Lile tunda la mpira la kupampia hubinywa mpaka liwe gumu. Gia iwe frii. Kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, geuka utazame nyuma yako, kwani kiwiko cha mwenye haraka kimekwisha kung'oa meno ya wenziwe. Na mashine ikiwaka, jambo la kwanza ni kutazama kama inatema maji pembeni. Maji yale ndiyo yanayoipoza. Yasipotoka, zima, usiende popote.

MKONO WENYE HOFU

Watu wa majahazi tunajua kwamba kana ikisukumwa kushoto chombo huelekea kulia. Katika jambo hilo sikuhitaji mwalimu. Lakini kana ya jahazi haina mafuta ndani yake. Mkono wa mashine ndio unaogeuza chombo, na ndio huohuo unaozungushwa kuongeza mwendo, na hapo ndipo nilipopatikana.

Tulikuwa tumetoka taratibu, nami nimeshaanza kujiona nahodha. Mbele yetu pakatokea mitumbwi miwili imefungwa. Nikataka kuikwepa, nikashtuka, na mtu akishtuka hukaza mkono. Kuukaza kule kukauzungusha. Boti likaruka kama punda aliyechomwa mkuki, pua juu, na kadiri lilivyoruka ndivyo nilivyozidi kukaza. Ile kamba niliyoivuta mara ishirini nikaisahau kana kwamba sikuzaliwa nayo mkononi.

"Kamba, Mzee! Kamba!"

Nikaivuta. Mashine ikanyamaza, na boti likasimama hatua chache kutoka kwenye mitumbwi. Nilipokuwa naanza kumshukuru Mola, lile wimbi tulilolivuruga wenyewe likatufikia kwa nyuma, likapanda tezi na kumwagika ndani. Kikoi kikaloa mpaka kiunoni.

Japuonj hakucheka. Alichukua kata akaanza kukumba maji, huku akinifundisha kwamba kamba ni ya hatari, na mahali pasipo na hatari mwendo hupunguzwa kidogo kidogo, ili wimbi la nyuma lipate kupita chini ya chombo badala ya kukirukia. Mwanagenzi aende pole kwa siku nyingi, akae kitako asisimame, na abiria wake wakae kati, si wote nyuma pamoja naye. Mashine ni nzito, nahodha ni mzito, na tezi ikishuka sana maji hayabishi hodi.

MAJI YASIYO CHUMVI

Nikajaribu kujitetea kwa ujuzi wa pwani. Nikasema, angalau hapa hapana kupwa na kujaa, wala mkondo wa mlangoni kama wa Kilindini. Akakubali, kisha akanionyesha nisiyoyajua.

La kwanza, maji baridi hayabebi kama ya chumvi. Pipa la maji matamu lenye uzito wa kilo 1,000, ukilijaza maji ya bahari huzidi kilo 25 hivi. Kwa hivyo chombo kilekile, na shehena ileile, hushuka zaidi ziwani kuliko baharini. Na mwogeleaji pia. Mtoto wa pwani aliyezoea kuelea Mama Ngina ataona huku mwili wake umekuwa mzito, na asijue kwa nini.

La pili ni upepo. Asubuhi ziwa hulala kama sinia, upepo mwembamba ukitoka nchi kavu. Alasiri upepo hugeuka ukaja kutoka upande wa magharibi, na kwa kuwa ghuba haina kina kirefu, mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Wimbi la bahari kuu hukubeba, hili hukupiga. Mwanagenzi afanye mazoezi yake asubuhi na arudi mapema, na akiona wingu jeusi linapanda asingoje kusikia ngurumo.

La tatu ni gugu maji, lililolivamia ziwa upande wa Kenya tangu miaka ya 1990. Hutembea na upepo. Unatoka ufukwe uko wazi, unarudi unakuta shamba la kijani limekuziba. Aliye na pupa hulivamia kwa nguvu za mashine. Gugu hujisokota kwenye rafadha na kuziba tundu la maji ya kupozea, mashine ikaungua. Mwenye akili huzima, akachomoa ile kamba, akainua mashine, ndipo akatoa gugu kwa mkono, kisha akashika kafi. Boti lisilo na kafi, alisema japuonj, halijawa boti.

KARIBU NA PWANI NDIPO

Tulipokuwa tukirudi, nyumba za ufukweni zikionekana hata rangi zake, nikaanza kufungua jaketi maana lilinibana na joto lilikuwa kali. Kijana akanishika mkono. Sikumwona ameshika mtu hivyo tangu asubuhi.

Akanihadithia habari za kakaye. Alikuwa mvuvi hodari kuliko yeye, na alizama mahali ambapo mtu wa ufukweni angeweza kumwita kwa jina akaitika. Jaketi lake lilikutwa limekunjwa vizuri chini ya ubao wa kukalia. Alilivua kwa sababu alikwisha kufika.

Sikuwa na la kujibu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa jambo hilo na mtu wa ziwani. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe iliyojaza watu kupita kiasi ilipinduka karibu mno na nchi kavu, wakafa watu zaidi ya 270. Na katika ziwa hilihili, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ya Tanzania, nayo imejaza kupita kiasi, ilipinduka ikikaribia kufika kisiwa cha Ukara, wakapotea zaidi ya watu 220. Waliokuwamo walikuwa wakiiona pwani. Nikavifunga vifungo vyangu tena, kimoja kimoja.

Si mbali na hapo kuna ziwa dogo la Simbi, ambalo wenyeji husimulia kwamba lilikuwa kijiji. Alikuja bikizee usiku akiomba hifadhi, wakamfukuza isipokuwa mwanamke mmoja, mvua ikanyesha na kijiji kikadidimia. Japuonj alinionyesha upande liliko, akasema, "Wale walizama kwa kutosikia, Mzee. Na sisi huzama kwa hilo hilo."

Jioni, baada ya Magharibi, nikamsimulia swahiba yangu yote yaliyonipata. Akanikumbusha Hadithi tuliyofundishwa tukiwa wadogo, ya yule aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake ama amwache huru na amtegemee Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Tumeisoma wote, tena kwa fimbo. Lakini nakiri kwamba maana yake niliipata siku ile, nikiwa na kamba nyekundu mkononi. Wangapi katika sisi husema "nimetawakali" ilhali jaketi liko chini ya ubao?

Siku ya tatu nilitoka nikiwa nahodha, japuonj amekaa kati kama abiria, mikono mapajani. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea mpaka usawa wa gati la zamani, nikageuza, nikarudi nikiukabili upepo, nikatia gia frii mapema na kuliacha boti liteleze lenyewe mpaka mtini. Halikugonga. Wavulana wa ufukweni walizomea kwamba Mzee anaendesha kama anayebeba mayai. Japuonj akawajibu kwa Kijaluo maneno nisiyoyaelewa, wakanyamaza.

Kwa vijana wetu wa Lamu, Faza, Vanga na Wasini, ambao siku hizi mashine wanaishika kabla ya kafi, nimewatungia ubeti huu:

Kabla hujaenda mbele, jifunze kusimamisha
Usifuate kelele, kasi ya kujionyesha
Kamba mkononi ile, si pambo la kupendesha
Ziwa lipo siku tele, leo haliwezi kwisha.