i7 ya zamani au i5 ya baadaye? Kibandiko cha kipakatalishi hakisemi yote

KATIKA maduka ya tarakilishi kati ya Kondele na mtaa wa Manyatta, jijini Kisumu, swali la kwanza la mnunuzi wa kipakatalishi huwa moja: "Hii ni i5 au i7?" Akijibiwa kuwa ni i7, huridhika. Akijibiwa kuwa ni i5, huomba bei ipunguzwe.

Swali hilo halina ubaya, ila halitoshi, na linaweza kumtia hasara mtu aliyejinyima kwa miezi kadhaa ili apate mashine ya masomo au ya kazi. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa nchini ni vile vilivyokwisha kutumika katika afisi za ng'ambo, maarufu kama "ex-UK". Kwa hivyo, kwenye rafu moja mnunuzi hukuta mashine zilizopishana kwa miaka kadhaa, zote zikiwa zimefutwa vumbi na kung'arishwa mithili ya mapacha.

Tutwae prosesa mbili zinazokutana mara nyingi katika biashara hiyo. Ya kwanza ni Intel Core i7-6600U iliyotolewa mwaka wa 2015, ambayo hupatikana katika baadhi ya mashine za HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T460. Ya pili ni Intel Core i5-8250U ya mwaka wa 2017, iliyomo katika baadhi ya EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480.

Kwa kazi nyingi nzito, i5 hiyo huishinda i7.

Sababu ya kwanza imo katika jina lenyewe. Kwa prosesa hizi, tarakimu inayofuata kistari hutaja kizazi: 6 ni kizazi cha sita, 8 ni kizazi cha nane. Herufi U huonyesha kwamba prosesa iliundwa kutumia umeme kidogo. Ama i5 na i7, hizo ni daraja ndani ya kizazi kimoja. i7 ya mwaka wa 2015 ilikuwa juu ya i5 za mwaka huo. Hakuna aliyeahidi kwamba ingebaki juu ya i5 za miaka iliyofuata.

Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni idadi ya viini. Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu. i7-6600U ina viini viwili. I5-8250U ina vinne. Kila kiini kinaweza kushughulikia mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja, hivyo ya kwanza hubeba mikondo minne na ya pili minane. Aidha, akiba ndogo ya data iliyo ndani ya prosesa ni megabaiti 4 kwa i7 hiyo na megabaiti 6 kwa i5.

Chukua mfano wa karakana mbili za ushonaji katika soko la Kibuye. Moja ina mafundi wawili, nyingine wanne, na wote wana ustadi karibu sawa. Ukipeleka shati moja, karakana zote mbili zitakuhudumia kwa muda unaokaribiana, kwa maana shati moja halishonwi na watu wanne. Lakini shule ikileta oda ya sare sitini, wale wanne watamaliza mapema zaidi.

Ndivyo ilivyo kwa prosesa hizi. Kuandika barua, kufungua faili moja au kujaza fomu ni kazi ya shati moja. Kasi ya juu kabisa ya kila prosesa ni ileile, GHz 3.4, na muundo wa viini vyenyewe haukubadilika sana kati ya vizazi hivyo viwili. Mhudumu wa saiba anayewajazia wateja fomu za eCitizen au za mamlaka ya ushuru ataona tofauti ndogo mno. (Na fomu zinapokwama, mara nyingi kinachosubiriwa ni mtandao, wala si prosesa.)

Kijana anayehariri video za harusi na mazishi, kwa upande mwingine, ana sare sitini. Programu ya kuhariri hugawa kazi ya kutayarisha filamu kwa viini vyote vilivyopo. Hali kadhalika mwanafunzi aliye katika mkutano wa video huku amefungua jedwali kubwa la hesabu na kurasa kumi na tano za intaneti. Hao ndio watakaohisi uzito wa viini viwili.

Hapa ndipo mnunuzi makini hukanganyikiwa. Akisoma maelezo ya mashine, hukuta kwamba kasi ya msingi ya i7 ni GHz 2.6, ilhali ya i5 ni GHz 1.6 tu. Muuzaji asiyejua, au anayejua sana, humwonyesha nambari hizo kuwa ushahidi.

Ukweli ni kwamba prosesa zote mbili zimewekewa kiwango kimoja cha umeme, wati 15. Viini vinne vinapogawana wati zilezile zilizokuwa za viini viwili, haviwezi vyote kukimbia kwa kasi ya juu kwa muda mrefu. Kasi ya msingi ndiyo mwendo ambao mtengenezaji anaahidi chini ya mzigo mzito, na ndiyo maana ile ya viini vinne ni ndogo. Kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja hupanda hadi GHz 3.4.

Hili hueleza pia kwa nini kuongeza viini maradufu hakukuleta kasi maradufu. Intel ilipozindua kizazi cha nane mwezi wa Agosti 2017, ilitangaza ongezeko la hadi asilimia 40 juu ya kizazi cha saba. Tangazo la mtengenezaji lipokewe kwa tahadhari, hasa panapokuwa na neno "hadi". Hata hivyo, kwa kazi zinazogawika, kwamba i5 hii iko mbele hakuna ubishi.

Isipokuwa joto liingilie kati. Mashine iliyotumika afisini miaka kadhaa huwa na vumbi kwenye feni, na ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoza huenda imekauka. Iweke katika chumba cha mabati Manyatta saa nane mchana, na prosesa itapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Prosesa ya viini vinne iliyopunguzwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya faida ambayo mnunuzi aliilipia. Kumlipa fundi asafishe feni na kubadilisha krimu hiyo kunaweza kurudisha kasi nyingi kuliko kibandiko chochote.

Kuna jambo la picha pia. Video nyingi za YouTube hutumwa kwa mfumo wa VP9. i5-8250U ina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo; i7-6600U hutegemea viini vyake kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Matokeo yake ni feni yenye kelele na betri inayoisha mapema, jambo lisilo dogo umeme unapopotea.

Tofauti isiyohusu kasi hata kidogo, lakini ambayo huenda ikawa nzito kuliko zote, ni ya programu endeshi. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, kwa kawaida huzikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025; waliojiandikisha kwa mpango wa nyongeza waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Wako mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa ujanja katika mashine za kizazi cha sita, nayo hufanya kazi, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hizo zitaendelea kupokea marekebisho. Kwa mtu anayefanya shughuli za benki au kuhifadhi rekodi za wateja, hatari hiyo si ya kupuuzwa. Anayetumia Linux hana tatizo hilo.

Je, i7-6600U haifai? La. Ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, itamfaa mwandishi au karani kuliko i5-8250U iliyofungwa RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani inayozunguka. Mwandishi wa makala haya angeuliza kwanza kuhusu SSD, kisha RAM, kisha kizazi, na mwisho kabisa i5 au i7.

Wala jina la mashine lisiaminiwe pekee, kwani baadhi ya EliteBook 840 G5 zilitengenezwa zikiwa na prosesa za kizazi cha saba. Kabla ya kulipa, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa "Performance", kisha "CPU". Jina kamili la prosesa huandikwa juu, na idadi ya viini huonekana penye neno "Cores". Chomoa chaja, cheza video kwa dakika kumi na tano, kisha utazame penye neno "Speed". Ikiwa mwendo umeshuka chini ya GHz 1 huku kazi ingali nzito, basi joto au umeme unaizuia prosesa, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.