Chungu cha mgonjwa na sinia ya nyumba



Siku moja baada ya walima katika mtaa wetu, mzee mmoja wa miaka 58 alitushika mkono, akatuvuta pembeni na kutuonesha karatasi ya maabara. "Sheikh," alisema, "daktari kaniambia lehemu imezidi, niache samli na mafuta mengi. Nyumbani sasa napikiwa changu mbali. Wao wamekaa kwenye sinia, mie nakula mchicha wa kuchemsha peke yangu kama niliyefanya kosa." Tulicheka naye, kisha tukanyamaza sote wawili. Mwaka uliotangulia kaka yake alikuwa ameanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 61, na katika msikiti ule ule ndimo tulimomswalia.

Maneno yake yametukaa moyoni. Chakula kilichompandishia lehemu alikila kwa miaka thelathini katika sinia hiyo hiyo, pamoja na mkewe na watoto wake. Leo ametolewa yeye, na sinia imebaki kama ilivyokuwa.

Lehemu, ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, si adui kwa asili yake. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo mno. Vile viitwavyo LDL huipeleka lehemu mwilini, na vikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa na kujenga uvimbe unaokua kimya kimya kwa miaka mingi. Vile viitwavyo HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Yako pia mafuta mengine ya damu, traigliseridi, ambayo hupandishwa hasa na sukari, soda, unga mweupe na shibe iliyopita kiasi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouma. Mtu mwembamba naye hupatikana nalo, jambo ambalo wazee wetu wengi hawalikubali mpaka waone karatasi.

Jambo kubwa ni aina ya mafuta. Yale yenye asili ya kuganda hulifanya ini lipunguze kuiondoa LDL katika damu. Katika mafuta ya nazi, sehemu hiyo inazidi nne ya tano. Katika mawese ni karibu nusu. Katika alizeti ni kama moja ya kumi tu. Samli na mafuta ya nyama yamo upande wa yale mazito. Mabaya zaidi ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa njia inayozalisha mafuta ya transi, kwani hayo hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula ifikapo 2023, na si zote zilizotimiza.

Tuwatazame majirani zetu wa bahari hii ya Hindi, watu wa Mauritius. Mafuta ya mgawo, yaliyouzwa kwa bei nafuu na kutumiwa na nyumba nyingi kisiwani, yalikuwa kwa sehemu kubwa mawese. Katika kampeni ya afya iliyoanza 1987, serikali iliyabadilisha yakawa ya soya. Mwaka huo wastani wa lehemu kwa watu wazima ulikuwa milimoli 5.5 kwa lita; mwaka 1992 ulikuwa 4.7, na watafiti waliona kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na mafuta hayo. Hakuna mzee aliyetengewa chungu chake. Kilichobadilishwa ni chupa iliyokuwa jikoni kwa kila mtu. Ni haki tuseme pia kwamba unene haukupungua katika miaka hiyo bali uliongezeka, wala kisukari hakikurudi nyuma. Mafuta mazuri hayamfuti mtu dhambi ya kula kupita kiasi, na aya ya 31 ya Suratul A'raf imekwisha kutukataza israfu.

Akina mama nao wasidhani kwamba haya ni ya wanaume. Hedhi ikikoma, LDL ya mwanamke hupanda, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kupimwa katika nyumba.

Hatusemi nazi iondoke Pwani; nani atatusikiliza? Lakini tui la kunde laweza kuwa jepesi, na kunde zenyewe, pamoja na choroko, dengu na maharage, zina nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni, hata ini likalazimika kuvuta lehemu kutoka katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Shayiri hufanya kazi hiyo hiyo. Uji wake, talbina, umetajwa katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), nasi tumeuacha tukashika chapati za kusukumwa kwa samli. Dagaa na vibua, ambavyo baadhi yetu tunaona haya kumwandalia mgeni, vina mafuta yanayosaidia kushusha traigliseridi. La kahawa halikutufurahisha: kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta ya buni yanayopandisha LDL. Sisi wa barazani tumepunguza vikombe, kwa shingo upande.

Na aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kisingizio cha tawakkul wala cha mchicha. Majaribio makubwa ya dawa za kushusha lehemu yameonesha kwamba kila LDL inapopungua milimoli 1 kwa lita, mashambulizi ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.).

Tulikwenda kwa yule mzee tukazungumza na mkewe. Alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sisi hatukulifikiria: mafuta huyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, hajawahi kuyapima. Siku hiyo alileta kijiko. Juzi tulialikwa chakula cha mchana pale. Sinia ilikuwa moja: wali, kunde za tui jepesi, vibua vya kuchoma na mchicha, na mzee amekaa mahali pake. Karatasi ya pili ya maabara ataichukua mwezi ujao, na mkewe atapimwa siku hiyo hiyo.